Karani wa Daftari la Wapigakura

Kila Jumamosi ya uchaguzi, karani wa daftari huchonga penseli tatu, ingawa hutumia moja tu. Vidole vyake vinene, vyenye makovu ya waya wa zizi la kondoo, husogeza rula chini ya kila jina taratibu, kama anayemfunika mtoto blanketi. Nerida, karani mwenzake katika ukumbi huu wa shule kwa chaguzi sita sasa, anamsikia akirudia maswali yale yale matatu tangu asubuhi. Hata mume wake mwenyewe alipofika mezani, karani wa daftari hakumsamehe swali hata moja.

"Unaishi wapi?"

"Kwako, mke wangu, mpaka siku utakaponifukuza."

Foleni nzima ikacheka. Yeye akasubiri atajiwe mtaa.

Alasiri akaingia jirani wa karani wa daftari, kofia mkononi, akinukia soseji na vitunguu vinavyokaangwa pale nje. Ugomvi wa uzio umewanyamazisha miaka kumi na moja. Kama si sheria inayomtoza faini kila asiyepiga kura, asingeikaribia meza ile. Nerida akajifanya anapanga karatasi.

"Jina lako kamili?"

Akalitaja.

"Unaishi wapi?"

"Ng'ambo ya uzio wako."

"Umeshapiga kura katika uchaguzi huu?"

"Bado."

Rula ikatulia, penseli ikapita juu ya jina, karatasi zikakabidhiwa. Jirani hakuondoka.

"Yule kondoo wako mweusi kazalia upande wangu. Mapacha."

Katika chaguzi zote sita, Nerida hakuwahi kumsikia karani wa daftari akiuliza swali la nne.

"Wazima?" akauliza.