Shamba Waliloliita Pori

Mwezi uliopita nilialikwa harusi Kizwite, pembeni mwa mji wa Sumbawanga, nilikokulia. Nilikula pilau, nikacheza, nikapiga vigelegele, mpaka nilipotoka nje kupunga upepo na kuangalia milima ilivyokaa. Ndipo nikajua nimesimama wapi. Ukumbi ule wa vigae wameujenga juu ya shamba la bibi yangu.

Usinielewe vibaya, simchukii mtu aliyehamia. Mtaa wetu tangu hapo ulikuwa na kila mtu: Wafipa waliosali na bibi kanisani, Wakinga wenye maduka ya vyombo, Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao, na jirani yetu Mwislamu mwenye duka, ambaye lori lake lilikwenda Kasanga na kurudi na migebuka. Likirudi, jioni mtaa mzima ulinukia samaki wa kukaanga. Idi tulikula kwake, Krismasi wanawe walikunywa togwa kwetu. Ulezi wa togwa hiyo ulitoka shamba lile.

Ngoja nikueleze bibi alivyolilima. Mvua zikielekea kuisha tuliinama na majembe, tukapindua majani mabichi pamoja na udongo wake, tukayafukia kwenye matuta ya mviringo. Sisi tunayaita ntumba. Kisha unayaacha. Kiangazi kizima hugusi kitu, baridi ya Julai inapita, majani yanaoza humo ndani, na mvua mpya zikinyesha unayabomoa, unautawanya udongo na kupanda ulezi. Viganja vilinichubuka, mgongo ukaniuma, na bibi hakukubali tuta la kizembe. "Hilo lako lina njaa," alikuwa akisema, "lishibishe." Nami niliongeza majani huku nimenuna.

Nilikuwa darasa la sita habari zilipoenea kwamba mji unapanuliwa na wapimaji wanakuja. Kilikuwa kiangazi. Jirani mwenye duka akaja kwetu mchana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, nakuomba, chomeka hata migomba miwili mitatu kule shambani. Hawa wakikuta hakuna kitu, wanaandika halina mwenyewe. Wenzako wameshachomeka."

Bibi akacheka. "Migomba, na kiangazi hiki? Ntumba zote zile, watadhani zimejijenga zenyewe?"

Ndivyo walivyodhani! Mpimaji, mgeni wa huku, alipita katikati ya matuta yetu, akalisukuma moja kwa ncha ya kiatu. "Bibi, hapa hamna mazao. Naandika pori." Bibi akamweleza kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba kazi iko chini, inaoza. Nikadakia kumsaidia. Yule bwana hakuinua hata uso kwenye karatasi zake. Mtu hajawahi kushika jembe la Ufipa, halafu yeye ndiye wa kusema kipi ni kilimo na kipi ni pori! Nilitamani kumng'ata mkono ule wenye kalamu. Waliochomeka migomba, ambayo ilikauka wiki hiyo hiyo, walipewa viwanja. Bibi aliyelima kweli hakupewa hata pa kuweka jiko.

Na bibi naye nilimkasirikia, nakiri. Migomba miwili tu! Nilikaa siku nyingi namjibu kwa mkato, na yeye akaniacha ninune. Hilo nalo linaniuma.

Leo watoto wa Kizwite wanajua ulezi wa kupimiwa kwa kikombe dukani, wa uji wa mtoto mchanga. Waulize ntumba ni nini, watakukodolea macho. Watu huniambia mji lazima ukue. Ukue, nani kaukataza? Lakini ungeweza kukua bila kumfanya mwanamke aliyelima maisha yake yote aonekane mvivu.

Mwaka ule ule greda lilikuja, baada ya mvua za kwanza. Tulikwenda kuangalia, mimi na bibi, na kabla ya saa nne asubuhi matuta yote yalikuwa yamelala chini. Bibi akaingia nyuma ya lile greda, akachota udongo mahali lilipopasua. Ulikuwa mweusi, laini, hakuna jani hata moja lililobaki. Akaunusa, kisha akaniletea kiganja chake puani.

"Umeiva," akasema. "Kesho tungepanda."