Kulanti Isiyochakachuliwa

Mwanangu, kosa nalitaja mwanzoni ili usisome ukingoja kuambiwa kwamba baba yako alikuwa na akili. Nakumbuka Jumamosi moja kabla hujazaliwa, baridi ikiwa bado haijaanza, nilipomwaga kulanti ya zamani kwenye gari letu nikajaza mpya tupu, bila kuichanganya na maji.

Kiswahili unakielewa ila unanijibu kwa Kiingereza, kwa hiyo nitakwenda polepole. Kulanti ni yale maji ya rangi yanayozunguka kati ya injini na rejeta, ili injini isichemke wala kuganda. Tanga nilikokulia watu walijaza maji ya bomba na safari ikaendelea. Mimi sikutaka kuwa mtu wa maji ya bomba. Nilijifunza peke yangu kwa video za kwenye simu, na kila hatua niliirudia nikingoja moyo utulie, nao hautulii. Mpaka leo hautulii.

Tulikuwa hapa hapa ughaibuni, mtaa huu huu wa Flemingdon Park. Kwenye maegesho nyuma ya ghorofa niliacha injini ipoe kabisa, maana ukifungua mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto utaungua uso. Nikaweka beseni chini, nikafungua koki. Nikafungua na bolti ya ubavuni mwa injini, lisibaki hata tone. Nikasuuza, nikamwaga, nikasuuza tena ingawa maji yalikuwa tayari yanatoka meupe. Mama yako alikuwa amekaa kiti cha mbele, mlango wazi, galoni la kulanti mpya mapajani, anasoma maandishi yake.

"Salim, wameandika hapa uchanganye na maji. Nusu kwa nusu."

"Maji? Yaani nichakachue?"

"Si mimi, galoni ndilo linasema."

"Hiyo ni ya watu wasiojali magari yao. Kwangu hakichakachuliwi kitu."

"Haya, fundi wa simu," akacheka. "Likizima njiani utanibeba mgongoni, na mabegi yangu."

Kwetu kuchakachua ni kutia mafuta ya taa kwenye petroli. Ni neno la wezi. Lilipoingia kichwani mwangu sikusikia kingine. Sikujua kwamba kulanti tupu huganda mapema kuliko iliyotiwa maji, kwamba maji ndiyo yanayoipa nguvu ya kuvumilia baridi ya huku. Ningeweza kuuliza. Niliona aibu kuuliza jambo ambalo nilishajigamba kulijua.

Baridi ilipokolea, bibi yako, mama yake mama yako, akazidiwa kule Tanga. Wajomba zako wakapiga simu: njoo umuone angali anaongea. Tukahangaika mpaka tukapata kiti kimoja kwenye ndege.

Asubuhi ya safari ilikuwa ile baridi inayopasua midomo. Nilikuwa nimelifuta gari vioo mpaka mama yako akaniambia basi, twende. Tulipoingia barabara ya 401 mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho, mvuke ukafunika kioo. Kulanti ilikuwa imekuwa kama uji mzito ndani ya rejeta, haizunguki, na injini inachemka huku theluji imetuzunguka. Niliegesha pembeni. Malori yalipita yakilitikisa gari, nami nimesimama na mwongozo wa video mkononi, kana kwamba simu ingenitetea. Mama yako akaita teksi. Ilichelewa kwa theluji. Tulipofika uwanja wa ndege walikuwa wamefunga kupokea abiria wa ndege yake.

Hakukuwa na nafasi nyingine mpaka wiki iliyofuata, na bibi yako hakuifikia.

Simu ilipokuja mama yako alikaa sakafuni jikoni. Hakunitukana, hakutaja gari. Alisema tu, "Alikuwa anauliza nimefika wapi. Wakamwambia niko njiani."

Mwanangu, ningependa kukuambia kwamba yalipita. Hayakupita. Nimeomba msamaha mpaka yeye akachoka kuupokea, na zipo siku naamini sistahili kushika kitu chochote chenye maana kwa mtu mwingine. Ukiniona nimesimama mlangoni baada ya kukufunga zipu ya koti, nikiifungua na kuifunga tena, usidhani nakuonea. Naogopa.

Basi nakuasa hivi. Kurudia jambo mara nyingi si kulijua. Mikono yako inaweza kuwa safi na makini kabisa huku inafanya kosa. Mtu wako akikuambia jambo, usilipime kwanza kwa neno lililokuumiza ulikotoka, wala kwa aibu yako. Mwache amalize, uangalie anachokuonyesha. Na usijitafutie ukamilifu kwa gari ambalo mwenzio atalitegemea kumfikisha kwa mama yake. Ukitaka kukosea kwa kiburi, kosea kwenye kitu chako mwenyewe.

Mungu akulainishie moyo pale mimi nilipokuwa mgumu. Akupe watu wa kukusahihisha, na masikio ya kuwasikia mapema. Akufikishe kwa wale wanaokungoja wangali wanaweza kukuita jina.

Kwangu mimi kilichobadilika ni kimoja, tena kidogo: siku hizi mama yako akisema neno, naacha ninachofanya, namgeukia.