Nyasi za Plastiki Lipangalala

Nilidanganya kwa neno moja tu. Mzee mwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Lipangalala aliniuliza kama nimewahi kutandika nyasi za plastiki, nikajibu, "Nimewahi." Kisha nikaongeza, "Morogoro," ili uongo upate mahali pa kukaa.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilitaka kitu kimoja, kupanda lori lake. Lilipeleka mchele Dar es Salaam, mara nyingine Dodoma, mara nyingine hadi Mwanza, na utingo wake alikuwa anaacha kazi ili aoe. Nilikuwa nikilisikia likiondoka alfajiri, basi siku nzima sifai kwa lolote. Hata sasa, nimeshapita arobaini na nimehama miji mingi, injini ya dizeli ikinguruma karibu na ninapolala huwa natafuta viatu.

Mzee alikuwa mtu wa pwani. Alicheza mpira wa wavu ujanani mpaka magoti yakamchoka. Hoteli moja ya Dar ilipong'oa nyasi bandia za bustani yake, alizichukua, marobota manne, ili acheze na binti zake uani bila kuumia.

"Nakwenda siku kumi," aliniambia. "Nikirudi nikute uwanja. Ukiwa mzuri, nafasi ya utingo ni yako."

Lori lilipopotea barabarani nikaenda kijiji cha Namawala kumchukua mama mdogo. Huyu ni mdogo wake mama yangu, na kijijini hapakuwa na mtu aliyemshinda kusawazisha jaruba la mpunga. Watu walimwita washindwapo, maji yakijaa upande mmoja na upande mwingine miche inakauka.

Alifanya kama afanyavyo shambani. Tulimwaga maji uani, tukatazama yanakotuama, tukakwangua palipoinuka na kujaza palipozama, mpaka maji yakalala sawasawa kama uji kwenye sinia. Tukamwaga udongo wa kichuguu na kuushindilia kwa gogo. Pembeni akajenga kingo ndogo kuzunguka pande zote nne, mchanga usije ukakimbia. Kisha tukatandika nyasi, tukaunga vipande kwa gundi, tukafagilia mchanga wa mtoni uzikalie. Majirani walikuja kuzigusa.

"Mbuzi wangu akiingia hapa," alisema mmoja, "ataumwa tumbo mpaka Pasaka."

Nilicheka kuliko wote. Ilikuwa siku ya sita.

Siku ya saba, baada ya chakula cha mchana, mvua ilipiga. Tulisimama barazani tukitazama. Maji yalijaa ndani ya zile kingo nne, yakatulia. Hayakuwa na pa kwenda. Gundi ikaachia, nyasi zikavimba katikati kama andazi. Mama mdogo alishika mdomo, halafu akaanza kucheka mpaka akakaa chini.

"Mwanangu, tumelima! Bado kupandikiza tu."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu siku. Zilibaki tatu, na nyasi zilizolowa zilikuwa nzito kama ng'ombe aliyekufa. Nikakumbuka kwamba barabara ya Kidatu ikinyeshewa, magari hulala kwenye tope. Nikaanza kuliombea lori linase, lori lile lile nililotaka kulipanda. Niliomba nikikunja nyasi, nikaomba nikibomoa kingo. Tulitaka ardhi iteremke kidogo kutoka nyumbani kuelekea migombani nyuma ya ua, lakini kila mama mdogo alipoinama, jembe lake lilisawazisha.

"Mkono wangu haujui kupotosha ardhi," alisema. Sasa naye hakuwa anacheka.

Siku ya kumi mzee aliingia uani, tope mpaka mapajani. Walikuwa wamesukuma gari. Nilihisi nimelisukumia mimi kwenye tope.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Nyasi zangu ziko wapi?"

Zilikuwa zimeegemezwa ukutani, na ua wote umechimbuliwa. "Maji yalituama," nikasema.

"Kumbe. Na kule Morogoro hayakutuama?"

Mama mdogo akanigeukia. Hata yeye nilimwambia habari za Morogoro.

"Sijawahi kutandika Morogoro," nikasema. "Sijawahi popote."

Binti zake walicheka. Yeye alisafisha viatu kwa kijiti, taratibu, kiatu kimoja na kingine. "Basi fundi, maliza ulichoanza. Lori litaondoka bila wewe. Nikirudi nitakagua mwenyewe."

Safari hiyo ilimchukua wiki mbili, na wiki hizo sikulala mchana wala kula vizuri. Kila wingu lilipotokea juu ya milima nilikimbilia uwanjani. Tulivuta kamba iliyoshuka kuelekea migombani, mama mdogo akaifuata kwa jembe, tukatandika nyasi upya. Maji yalitelemka kama tulivyotaka, isipokuwa kona moja karibu na bomba. Niliifunua mara tatu, nikajaza udongo, nikashindilia. Mara tatu ikashika maji, kiasi cha beseni.

Mzee alirudi jioni moja baada ya manyunyu. Akavua viatu, akatembea juu ya nyasi kwa soksi, huku na huku, akageuza unyayo kuutazama. Hakufika kwenye kona.

"Haya," alisema. "Kachukue nguo zako."

Nilipiga hatua mbili, nikageuka. "Bosi, kona ile ya bomba bado."

Alikwenda akaikanyaga. Soksi ililowa mpaka kifundoni. Akaja kukaa barazani, akaivua, akaikamua.

"Mama yako mdogo ataiweza?"

"Amesema ataiweza."

"Basi gari linapakia. Unasubiri nini?"

Nilikimbia. Nusu ya njia nikakumbuka kwamba sijamuaga mama mdogo, aliyekuwa migombani akiosha jembe. Nikaogopa kwamba nikirudi, mzee atabadili mawazo. Sikurudi.