Bi Vernice na kiwambo cha miezi tisa

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, jua halijachomoza, na Bi Vernice Tillery amelala kifudifudi nyuma ya tela la maji katika shamba la karanga, kusini mwa jimbo la Georgia, Marekani. Ana umri wa miaka sitini na mmoja. Magoti yake, kwa maelezo yake mwenyewe, yana zaidi.

Mbele yake, kama mita themanini hivi, nguruwe pori saba wanafuata mstari. Ni mstari wa mbegu zilizopandwa jana. Nguruwe hawa hawafukui ovyo kama watu wasio na kazi. Wanaingiza pua mwanzo wa mstari na kuitoa mwishoni, mbegu moja baada ya nyingine, kama mtoto anayemaliza muhindi wa kuchoma.

Bi Vernice anavuta pumzi, anaibana, anafyatua.

Sauti inayotoka si ngurumo. Wala si kile kimnong'ono cha majambazi wa sinema. Ni "pa!" kavu, kama fundi aliyekasirika na msumari. Dume kubwa linaanguka. Wale sita wanainua vichwa, wanatazamana kama watu walioulizwa habari za jirani wasiyemjua, kisha wanarudi mezani.

Anafyatua tena. Na tena.

"Zamani risasi ya kwanza ndiyo ilikuwa ya mwisho," anasema baadaye, akijipangusa mchanga kifuani. "Mlipuko mmoja, wote msituni. Na mimi sikio linalia ngiii mpaka jioni. Mume wangu anasema chakula tayari, mimi namjibu, na wewe pia Mungu akubariki."

Kwenye mdomo wa bunduki yake kuna bomba jeusi, urefu wake shubiri moja. Hicho ndicho kiwambo cha kupunguza sauti. Ni mali yake halali, kina namba yake, na karatasi yake ina stempu ya serikali kuu. Kukipata kulimchukua miezi tisa kamili.

"Kama mimba," anasema. "Ila mimba huombi ruhusa wala hupeleki alama za vidole. Ingekuwa hivyo, ungekuta watu wachache sana duniani."

Bi Vernice hulipwa na wakulima wa karanga, dola arobaini kwa kila nguruwe. Kabla ya hapo alifanya kazi katika kiwanda cha kuku kwa miaka ishirini na miwili, mikono ndani ya maji baridi yenye klorini, kisu kulia, paja la kuku kushoto. Alipotoka huko alisema hataki tena kuua kitu ambacho hakina nafasi ya kukimbia.

Nafasi hiyo nguruwe waliitumia vizuri. Masikio yake ndiyo yaliyoumia.

Julai mwaka jana, 2018, daktari wa masikio alimkalisha kwenye kijichumba na kumvisha vile visikilizio. Alipotoka, daktari alimwonyesha karatasi yenye mstari unaoporomoka kama ngazi ya nyumba mbovu. Sikio la kushoto lilikuwa karibu limekwisha. La kulia lilikuwa limeanza safari.

"Akaniambia nichague," anakumbuka. "Kazi au sikio. Nikamwambia, daktari, nikikosa kazi nitabaki nyumbani kumsikiliza mume wangu Fonzo kutwa. Hapo sikio la nini?"

Daktari alicheka, lakini hakubadilisha maneno.

Alishajaribu vile vifuniko vikubwa vya masikio. Siku ya tatu dume lilimjia kwa nyuma bila yeye kulisikia, likamchana shavu la mguu wa kulia. Nyuzi kumi na nne. Tangu hapo vifuniko vikatundikwa msumarini, na ndege wamejenga kiota ndani yake.

Iliyobaki ilikuwa njia moja, kiwambo. Bi Vernice alimwahidi mumewe, Alphonso, dereva mstaafu wa basi la shule ambaye wote humwita Fonzo, kwamba hatapiga risasi hata moja bila hicho kitu. Bunduki ikafungiwa kabatini. Na mwenye shamba kubwa kuliko yote, Hollis Yarbrough, akamwekea kikomo: matrekta yake yataanza kupanda Jumatatu ya kwanza ya Mei. Kama hajawa tayari, kazi itakwenda kwa ndugu wawili wa kaunti ya pili.

Agosti akaenda kwa Royce Hadley. Duka la Royce zamani lilikuwa kituo cha mafuta. Sasa linauza bunduki, chambo cha samaki na karanga za kuchemsha, na ukiingia ukiwa na njaa unaweza kukosea ndoo.

Kiwambo kilikuwa dola mia saba na arobaini. Juu yake kuna kodi ya serikali dola mia mbili, na hiyo hulipwa hata kama ombi bado halijasomwa. Akajaza fomu, akapigwa picha, nakala ikaenda kwa sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti. Kisha akaenda ofisi ya sherifu kuchukuliwa alama za vidole.

Karani wa pale, Darlene Stokes, alimpaka wino, akakibiringisha kidole gumba kwenye kadi, akakiangalia, akakibiringisha tena.

"Bi Vernice, hivi ni vidole au vijiko?"

"Biringisha, mwanangu. Vimelisha watu wengi hivyo."

Kadi zikatumwa. Wakati huo Bi Vernice alikuwa na makosa mawili asiyoyajua. La kwanza ni ile miaka ishirini na miwili ya klorini. La pili ni kwamba asubuhi hiyohiyo alikuwa amesugua birika la ubatizo kanisani kwa dawa kali ya kung'arishia, mikono mitupu, maana yeye ni mwanamke wa usafi.

Desemba ikaja barua. Alama hazisomeki. Zitumwe nyingine.

Fonzo aliisoma kibarazani kwa sauti ya mtangazaji. "Mke wangu, serikali inasema huna vidole."

"Ije hapa niizabe kofi moja," akajibu Bi Vernice. "Itaziona alama zote tano."

Lakini usiku huo hakula. Mei ilikuwa karibu, na kwenye zile kadi hapakuwa na mtu. Palikuwa na mawingu kumi.

Mtu mmoja wa pale, ambaye jina lake tutalihifadhi kwa sababu mama yake bado anaamini ni kijana mwema, alimfuata na kumwambia ana njia ya mkato. Kifaa bila fomu, bila stempu, bila kungoja.

"Nikamuuliza, jela ni miaka mingapi? Akasema, wakikukamata, hata kumi. Nikamwambia, kwa ajili ya nguruwe? Mimi nikienda jela nitakwenda kwa jambo la maana. Nitamuua Fonzo."

Aliyemwokoa ni Darlene. Yeye alishawaona wajenzi wa matofali na watengeneza nywele wakirudishiwa kadi namna hiyo. Akampa masharti: wiki sita bila dawa za kusafishia, bila kuosha vyombo, na mafuta mikononi kutwa mara tatu. Si mafuta ya dukani yenye harufu ya maua. Yale mazito ya kopo la kijani, wanayopakwa ng'ombe chuchu zikipasuka.

Usiku anapaka, anavaa glovu. Bi Vernice ni mhudumu wa mlangoni katika kanisa lake la Kibaptisti, na wahudumu wa pale husimama na glovu nyeupe za pamba. Anazo jozi tano. Akalala nazo.

"Nikigeuka usiku naona mikono miwili myeupe hewani," anasimulia Fonzo. "Nilidhani malaika wamenifuata. Nikasema, Bwana, nipe muda kidogo, bado kuna masufuria."

Ndiyo, masufuria yakawa yake. Katika wiki sita Fonzo alivunja vikombe vinne na bakuli la marehemu mama mkwe, na akagundua kwamba sufuria ya uji wa mahindi ikikauka inahitaji maombi. Mkewe alikaa kitini, mikono ikimeremeta mafuta, akimwelekeza kwa kidevu.

"Pale pembeni, mpenzi. Bado."

"Naona, Vee."

"Kama ungekuwa unaona usingepaacha."

Mapema Februari Bi Vernice alirudi kwa sherifu. Darlene akabiringisha kidole gumba taratibu, akainamia kadi na kioo cha kukuzia. Vijistari vilikuwepo, vimejipanga kama matuta ya shamba lililolimwa vizuri.

"Haya sasa!" Darlene akapiga meza. "Huyu ni mtu!"

Kilichobaki ni kungoja, na kungoja huko kuna utaratibu wake. Kiwambo ni chako, umeshakilipia, lakini kinalala kwenye kasha la chuma la mwenye duka mpaka stempu itoke. Unaweza kukitembelea. Royce ana tuta la mchanga nyuma ya duka, na mwenye mali anaruhusiwa kupiga risasi chache pale, Royce akiwa amesimama kando yake. Kisha kinarudi kashani. Watu wa pale hawana jina jingine la jambo hilo: ni kwenda gerezani kuona mtu.

Kila Jumamosi Bi Vernice alikwenda. Kuna benchi mlangoni, na wanaongoja hukaa hapo na vikombe vyao vya karanga, wakiulizana nani ana miezi mingapi.

"Mfungwa wangu hajambo?" angeuliza.

"Hajambo, Bi Vernice. Amekula, amelala," Royce angejibu akizungusha ufunguo. "Anauliza atatoka lini."

"Mwambie mama yake anauliza hivyohivyo."

Aprili ikaisha. Hollis akapiga simu: matrekta yanaingia Jumatatu, na wale ndugu wawili wameshampigia mara mbili.

Alhamisi jioni Bi Vernice alifungua kabati. Akaitoa bunduki, akaiweka juu ya meza ya jikoni, akakaa mbele yake. Asubuhi moja tu, alijiambia. Jumatatu tu, ili Hollis asimpe mtu mwingine shamba, kisha atangoja tena.

Fonzo alikuwa amesimama kushoto kwake. Alisema kitu. Mkewe hakugeuka. Akasema tena. Kisha akaburuta kiti, akazunguka meza, akakaa upande wa kulia.

"Umesikia nilichosema?"

"Hujasema kitu."

"Nimesema mara mbili, Vee. Nimesema nakupenda, mwanamke mkaidi wewe. Hili sikio la huku ndilo lililobaki. Ukiliua Jumatatu, nitakaa upande gani?"

Bi Vernice alikubali ameshindwa, jambo ambalo mumewe anasema limetokea mara tatu katika ndoa ya miaka thelathini na minane. Halafu akairudisha bunduki kabatini, akafunga, na ufunguo akampa Fonzo.

Kesho yake, Ijumaa, saa nane na dakika kumi mchana, simu ililia. Fonzo ndiye aliyeipokea. Ilikuwa sauti ya Royce.

"Mwambie mfungwa ameachiwa."

Anayejua mwendo wa Bi Vernice barabarani anajua kwamba ni dakika ishirini na tano hadi kwa Royce. Siku hiyo zilikuwa kumi na sita, na tunamwomba sherifu asisome aya hii.

Benchi lilikuwa limejaa. Royce aliweka karatasi mezani, stempu juu yake, na kiwambo pembeni. Akasoma namba iliyochongwa kwenye chuma, tarakimu moja moja, na Bi Vernice akaifuata kwenye karatasi kwa kidole chake kipya. Zote zilikuwa sawa. Akatia saini.

Benchi zima likasimama kupiga makofi. Mzee mmoja mwenye miezi saba alilia, akasema ni vumbi.

"Sikucheza," anasema Bi Vernice. Fonzo anasema alicheza. Royce anasema alicheza na ndoo ya chambo ikamwagika.

Alikipeleka nyumbani kwenye kiti cha mbele, amekifunga mkanda. Fonzo alikaa nyuma. Karatasi ni ya Bi Vernice peke yake, na sheria haimruhusu mtu mwingine kukaa nacho bila yeye kuwepo, hata mume.

"Kitandani kwake nalala," analalamika Fonzo. "Gari lake naendesha. Hicho kibomba nakitazama tu."

Jumatatu, matrekta ya Hollis yalipanda. Jumanne alfajiri Bi Vernice alikuwa shambani, na saa moja asubuhi Hollis alipofika na gari lake la mizigo alikuta nguruwe tisa wamelala chini, naye mke wa Fonzo ameketi juu ya tela, anakula mkate wa mahindi. Wale ndugu wawili hawakupigiwa tena.

Wiki iliyopita daktari alimpima upya. Sikio la kulia liko palepale, halijashuka hata ngazi moja. Daktari alitabasamu, akamwambia aendelee hivyohivyo, na kwamba kiwambo si muujiza.

"Nikamwambia muujiza ni Fonzo kuosha sufuria," anasema.

Sasa ana mpango. Anataka mashamba manne, si moja, mkataba wa maandishi mpaka mavuno, na dola sitini kwa nguruwe badala ya arobaini. Jumapili baada ya ibada alimpigia Hollis kumpa habari hizo.

"Akaanza kusema mtandao mbaya, simu inakatikakatika, hanisikii vizuri," anasimulia Bi Vernice, akiegemeza simu kwenye sikio lake la kulia kuonyesha ilivyokuwa. "Nikamwambia, Hollis, mimi nakusikia vizuri mno. Nasikia mpaka unavyomeza mate. Sema sitini."

Hollis alisema sitini.