Chango la Shangazi

Nyinyi mliozoea kununua mahamri asubuhi pale Bofu, ubavuni mwa kibanda changu cha kinyozi, msijisumbue kwenda. Karai limefunikwa. Shangazi tumemzika Alhamisi baada ya adhuhuri, na mimi niliyezoea kuwachekesha, leo sina kichekesho, nina kisa. Tulimwita Shangazi kwa sababu kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake, Mama Fulani, na yeye miaka yote ya ndoa hakumpata huyo fulani. Basi akawa shangazi wa mtaa mzima, mpaka wazee wenye mvi wakamwita hivyo. Aliitika "Abee" kwa adabu zake, lakini ukimtazama sana waona jina lile lamkwaruza.

Ulimi wake ulikuwa mkali kushinda wembe wangu. Siku moja nilimwambia, "Shangazi, hamri hili la leo lina upepo mtupu ndani." Akajibu bila kuinua macho kwenye mafuta, "Si lifanane na kichwa cha mlaji!" Wateja walicheka mpaka mmoja nikamkwangua sikio. Lakini kuna asubuhi nyingine alikuwa akisita ghafla, mwiko mkono huu, mkono ule chini ya kitovu, amekunja uso mpaka uchungu upite. Ukimuuliza, asema, "Chango tu." Na mamamkwe wake, aliyekuwa akija kukanda unga na kumwaga maneno, hudakia hapo hapo: "Mwanamke gani hana chango? Mimi nilikuwa nalo na nikazaa. Wewe chango waweza kulibeba, mimba yakushinda nini?" Shangazi ageuza mahamri. Huku kwetu kila kinachomuuma mwanamke chini ya kitovu ni chango, na chango si kitu cha hospitali, ni cha mizizi. Alichemshiwa mizizi. Akafukizwa. Akanyweshwa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani zikaoshwa kwa maji ya waridi. Wallahi, kama dua ingefungua mirija ya uzazi, mwanamke yule angezaa timu nzima ya mpira na wa akiba.

Mwezi uliopita alinipa mahamri na mbaazi, akakataa pesa. "Sadaka," akasema. Nikamwuliza sadaka ya nini. "Wewe kula, uniombee dua. Mambo mengine si ya vinyozi." Alikuwa akitabasamu peke yake kama mtu aliyeficha peremende mdomoni. Nilielewa, nikanyamaza, na mimi kunyamaza si kazi yangu. Mamamkwe naye alikoma maneno, akaanza kumwambia, "Kaa kitako mwanangu, nitachoma mimi." Mwanangu! Halafu asubuhi moja watu wamejipanga, Shangazi akaanguka kando ya karai, uso mweupe kama unga wake. Wanawake wakapiga kelele, "Chango limempanda! Leteni mizizi!" Mpaka mizizi ichemke, mpaka pikapu ipatikane, mpaka zamu ya feri ifike, damu ilikuwa imemjaa tumboni. Hospitalini ng'ambo walimpasua, wakakuta mimba ilitunga ndani ya mrija, si ndani ya kizazi, na mrija umepasuka. Mirija yote miwili ilikuwa na makovu ya ugonjwa wa siku nyingi. Hakuamka.

Juzi, hitima ilipokwisha, mumewe alikuja kunyolewa. Ni kuli wa bandarini, mtu mpole, simsingizii. Nimefika nusu ya kichwa, akasema, "Ati ugonjwa wa zinaa, daktari asema. Mimi nilitibiwa, bwana. Tulipooana tu nilikuwa nikikojoa moto, nikaenda kwa daktari Changamwe, nikapigwa sindano, nikapewa vidonge, nikapona."

"Na yeye?"

"Yeye? Yeye hakuwa na kitu."

"Hakuwa na kitu kabisa?"

Akakitazama kioo. "Chango tu," akasema. Halafu akajiinamia na kichwa chake nusu kimenyolewa, ikabidi niweke wembe.

Nikaenda kwa nesi wa zahanati yetu, nikamsimulia. "Shikamoo dada. Ugonjwa gani huu?" Akaniambia waitwa klamidia. Mwanamume huwashwa, akaja mbio. Mwanamke mara nyingi hasikii kitu, au asikia kidogo, huku mirija yaoza polepole. "Sasa mbona hamuwapimi wasiosikia kitu?"

"Kipimo chake ghali, hapa hata hakijafika. Wakubwa wasema tusimalize pesa kwa walio wazima wa afya. Twapima waja wazito tu, nao kaswende."

"Na huyo mzima, mwamjuaje bila kumpima?"

"Wewe kinyozi una maneno," akasema. Lakini hakucheka.

Tazameni mtego huo. Mlango wa kupimwa, hata huo wa kaswende, ni wa mwenye mimba, na ugonjwa wenyewe ndio uliomzuia Shangazi kuufikia. Hesabu zangu ziliishia darasa la nane, lakini nijumlishieni nyinyi: mizizi, kombe, pikapu, kupasuliwa, sanda, na karai lililofunikwa. Hicho kipimo ghali, ghali kuliko nini? Sisemi apimwe kila mwanamke mji mzima, toka Junda mpaka Airport, najua pesa hakuna. Lakini mke ambaye mumewe ametibiwa, huyo hata kipimo hahitaji, ni kuitwa tu ameze vidonge vile vile. Kwa hivyo nyinyi wanaume mnaokaa kwenye kiti changu mkinong'ona kuhusu sindano, mkipona, rudini zahanati na wake zenu. Kuona haya siku moja ni nafuu kuliko sanda.

Makaburini, shehe alipomsomea talkini, yale maneno ya kumwelekeza maiti kaburini, alimwita kama maiti wetu wote wanavyoitwa, kwa jina la mama yake. Nikasimama pale na mchanga mikononi, nikawaza: hata huko ahera, hakuna mtoto atakayeitwa kwa jina la Shangazi.