Mama Sufu Anapima kwa Midomo

Saa mbili asubuhi, Mama Sufu ameinama juu ya meza iliyojaa maji ya moto na povu la sabuni. Anasugua kiatu cha manyoya ya kondoo, anakigeuza, anasugua tena. Kisha anakiinua, anakibana kwa midomo na kuvuta.

“Unakibusu tena, Mama?” mkwe wake anamtania kutoka kwenye beseni lililo kando ya meza.

“Nisipokibusu, kinarudi,” anajibu bila kucheka.

Wanatengeneza feliti. Sufu hupangwa tabaka kwa tabaka, hulowanishwa, husuguliwa mpaka nyuzi zishikane zenyewe. Haifumwi, haishonwi. Ndiyo maana viatu vyake vya ndani vinapendwa: havina mshono wa kuumiza kidole, na vinatunza joto hata kwenye sakafu ya saruji. Vipande vinavyobaki watu huvitia ndani ya mabuti, au huvibandika chini ya miguu ya viti visikwaruze sakafu.

Tuseme ukweli: ni kazi ya kuchosha. Kiatu kimoja husuguliwa saa moja na nusu. Mama Sufu ana miaka hamsini na tisa, na ishirini na sita kati ya hiyo ameimalizia kwenye meza hii. Maji ya moto yameua ncha za vidole vyake. Hazihisi kitu.

Na feliti hupimwa kwa vidole. Unabana juu, unavuta. Unyoya ukiinuka, bado. Mwezi uliopita vidole vilimdanganya. Jozi sita alizopeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee zilirudi zimebanduka kama maganda ya kitunguu.

“Mzee mmoja alijikwaa,” anasema. “Hakuumia, lakini mimi sikulala.”

Msimamizi wa nyumba hiyo amempa nafasi moja tu: jozi arobaini kufikia Ijumaa. Zimebaki tisa. Zikirudi tena, hawataagiza kwake tena.

“Midomo haijawahi kusugua sufu kwenye maji ya moto,” anasema. “Bado ina akili.”

Mkwe anajifunza mwaka wa pili. Jozi yake ya kwanza imetundikwa kwenye msumari ukutani, ndogo kama ya mtoto. Alichora mguu wa Mama Sufu ulivyo, akasahau kwamba feliti hunywea.

“Nilimwambia aongeze nusu ya mguu. Akadhani nafanya mzaha.”

“Si kila kitu kwako mzaha, Mama?”

“Kwenye miguu ya watu, hapana.”

Yeye mwenyewe amevaa kandambili za plastiki zilizokatika mkanda, zimefungwa kwa waya. Hajawahi kubakiza jozi yake.

Mkwe anampa kiatu alichomaliza. Mama Sufu anabana kwa midomo, anavuta. Anavuta tena, kwa nguvu. Hakuna unyoya unaoinuka. Anakiweka kwenye rundo, halafu anakaa, mara ya kwanza tangu asubuhi.

“Ijumaa ikipita, jozi ya arobaini na moja ni yangu, na utaitengeneza wewe,” anamwambia. “Nikiivaa mwezi mzima isibanduke, meza hii nakuachia.”

Mkwe anafuta mikono kwenye aproni, anatandika karatasi sakafuni.

“Weka mguu, Mama.”

“Ongeza nusu.”

“Nimeshaongeza.”