Kalekye na Filta ya Kupakwa Mafuta

Gereji ya Kalekye iko Noonkopir, Kitengela, nyuma ya kanisa la mabati ya bluu, na ukiuliza njia utaambiwa tu, "Enda kwa yule mama fundi." Siku hizi wako wanawake wengine wanaotengeneza magari mjini, lakini yeye alianza miaka kumi na tisa iliyopita, wakati wateja walikuwa wakifika, wakimkuta ameshika spana, halafu wanamuuliza mwenye gereji yuko wapi. "Umempata," angewajibu, na boneti ilikuwa wazi kabla hawajaamua kuondoka.

Alizaliwa Kiserian, mtoto wa tatu wa Nzioka, Mkamba aliyetoka Makueni kufuata kazi ya machimbo ya mawe. Nzioka alitunza injini iliyoendesha mashine ya kutoboa mwamba. Vumbi la pale lilikuwa jeupe na jingi, likikaa hadi kwenye kope za watu. Shule zikifungwa Kalekye alimpelekea baba yake chakula cha mchana, na mara nyingi alimkuta ameinama juu ya bakuli la chuma lililofungwa ubavuni mwa injini. Ndani ya bakuli mlikuwa na mafuta. Hewa ilipita juu ya mafuta kabla ya kuingia kwenye injini, vumbi likanaswa humo na kuwa matope.

"Usione mafuta uchungu," Nzioka alimwambia akimwaga yaliyochafuka na kujaza mengine. "Ukiweka kidogo, vumbi linapita."

Injini ile ilidumu hata kampuni ikafunga machimbo na kuiuza ikiwa bado inanguruma. Kalekye alikua akijua jambo moja kwa hakika: injini hufa kwa kupumua vibaya. Alipomaliza chuo cha ufundi na kufungua gereji yake, kitu cha kwanza alichochomoa kwenye kila gari kilikuwa filta ya hewa. Angeigeuza juani, aisome kama daktari anavyosoma ulimi wa mtoto, ndipo aulize gari lina shida gani.

Miongoni mwa wateja wake wa zamani ni Sironka, daktari wa mifugo anayeishi Kajiado mjini. Wagonjwa wake wako mbali na lami, kwenye njia za ndani za kuelekea Mashuuru, ambako wakati wa kiangazi gari likipita vumbi hubaki hewani mpaka gari linalofuata lilikute. Ana pikapu ya petroli, kuukuu lakini imara, na nyuma yake sanduku la dawa na kamba za kufungia ng'ombe. Kila alipoileta Noonkopir, filta yake ya karatasi ilitoka nyekundu kama tofali.

Asubuhi moja ya Januari, mwaka juzi, aliingia amebeba boksi chini ya kwapa.

"Sopa, fundi," alimsalimu Kimaasai.

"Epa, daktari. Leo inaumwa wapi?"

"Haiumwi. Imeletewa zawadi."

Dada yake anayeishi ng'ambo alikuwa amemtumia filta ya aina nyingine: kitambaa cha pamba kilichokunjwa-kunjwa katikati ya wavu wa waya, chekundu, kikinata kidogo mkononi. Pamoja nayo kulikuwa na chupa ya sabuni, chupa ndogo ya mafuta, na karatasi ya maelezo.

"Hii haitupwi," Sironka alisema. "Ikichafuka unaiosha, unaipaka mafuta, unairudisha. Ya karatasi ikijaa nikiwa huko ndani, nitaitoa wapi? Duka liko na sukari na betri za tochi, basi."

Ngugi, mwenye duka la spea lililo mkabala na gereji, alivuka barabara kuja kuangalia. Ameuza vipuri Kitengela tangu Noonkopir ikiwa na nyumba za kuhesabu. Aliinua filta ile, akachungulia upande wa pili.

"Mama Celine," alisema, akimwita Kalekye kwa jina la mtoto wake, "nikiangalia hii kitu naona watu upande ule. Kama jua inapita, vumbi itashindwa?"

"Ndio maana iko na mafuta," Kalekye alimjibu. "Ya karatasi inazuia kwa sababu matundu yake ni madogo sana. Hii matundu ni makubwa, hewa inapita vizuri, lakini vumbi ikigusa mafuta inakwama. Mimi nimelelewa na hiyo maneno."

Alisema hivyo kwa furaha. Ilikuwa kama ameletewa habari njema za nyumbani. Akaifunga siku hiyo hiyo, na Sironka akaondoka akipiga honi.

Wiki sita mambo yalikwenda sawa. Kisha Sironka akairudisha ikaoshwe. Kalekye aliiosha kwa sabuni yake, akaiacha ikauke kivulini hadi kesho yake, akachukua ile chupa ndogo. Karatasi ya maelezo hakuisoma. Alikuwa ameshaona mafuta yakinasa vumbi kabla hajajua kusoma. Alimimina kwenye kila mkunjo, akageuza, akamimina tena, mpaka kitambaa kikalowa na chupa ikabaki nusu. Akaifunga na kuiwasha pikapu. Ilinguruma vizuri.

Siku nne baadaye, saa nane mchana, simu yake ililia. Alikuwa chini ya gari la mtu.

"Fundi, niko katikati ya mahali hakuna kitu," Sironka alisema, pumzi juu juu. "Gari inazima. Nikiwasha inatetemeka, inazima tena. Na kuna mtamba wa Elizabeth anazaa, miguu ya ndama iko nje tangu asubuhi. Kutoka hapa ni kilomita kama tisa."

Elizabeth alikuwa mjane aliyefuga ng'ombe wanne. Kalekye hakumjua, lakini aliijua sauti ya mtu anayehesabu dakika.

"Iwashe nisikie. Weka simu karibu na injini."

Alisikiliza. Injini ilikohoa, ikapanda, ikashuka, ikafa. Haikuwa sauti ya injini iliyokosa petroli wala ya plagi mbovu. Ilikuwa sauti ya injini isiyojua imevuta hewa kiasi gani. Na papo hapo Kalekye akaona mikono yake mwenyewe ikimimina mafuta kutoka kwenye ile chupa.

Baada ya filta, ndani ya bomba la hewa linaloelekea kwenye injini, magari ya sasa yana sensa yenye waya mwembamba kuliko unywele. Kazi yake ni kupima hewa inayoingia ili injini ijue imimine petroli kiasi gani. Injini ya Nzioka haikuwa na kitu kama hicho. Mafuta yaliyozidi kwenye filta yalikuwa yamevutwa na upepo, yakaupaka waya ule, na sasa sensa ilikuwa inadanganya.

"Daktari, nisikize. Fuata bomba nyeusi kutoka kwa boksi ya filta. Unaona kitu ndogo imeingia ndani, iko na waya tano?"

"Nimeiona."

"Bonyeza kifungo pale hizo waya zimechomekwa, zivute zitoke. Ziache zikining'inia. Sasa washa."

Kimya. Kisha mngurumo, mzito kidogo, lakini haukufa.

"Taa ya injini imewaka kwa dashibodi," Sironka alisema.

"Wacha iwake. Gari sasa inakisia hewa yenyewe. Itakuwa nzito na itakunywa petroli zaidi, lakini itakufikisha na itakurudisha. Enda kwa ng'ombe."

Simu ilipokatika, Kalekye alikaa juu ya tairi kuukuu. Ngugi, aliyekuwa amesikia yote kutoka mlangoni pa duka lake, alikuja taratibu.

"Mama Celine, akija mwambie alijaziwa petroli chafu. Kila mtu anajua ziko. Hata mimi nitakuunga mkono."

"Halafu?"

"Halafu umemaliza. Usijiharibie jina kwa kitu ndogo."

"Ngugi, akiamini ni petroli atahama kituo cha petroli, kisha baada ya wiki sita ataniletea filta niioshe. Nitamwambia nini wakati huo?"

Ngugi alivuka barabara akarudi dukani.

Sironka alifika kesho yake asubuhi, mikono ya shati ikiwa bado na madoa. Ndama alikuwa ametoka akiwa hai, jike, na mama yake alikuwa amesimama. Fundi mmoja wa Kajiado alikuwa ameiangalia pikapu usiku ule na kumwambia pampu ya petroli imekufa.

"Pampu ni nzima," Kalekye alisema. Akaichomoa sensa mbele yake, akamwonyesha waya uliokuwa unang'aa kwa mafuta. "Hii ni kazi yangu. Nilipaka mafuta mengi kwa filta. Karatasi ya maelezo ilikuwa hapa, sikuisoma. Ni mimi nilikusimamisha barabarani."

Sironka aliinama akauchunguza ule waya.

"Huyo ndama angekufa, ningekuja hapa na maneno mengine."

"Ningeyasikiza."

"Sasa niambie. Filta ni mbaya ama ni mkono wako?"

"Mkono wangu ulikosea, hiyo najua. Kama filta nayo ni mbaya kwa barabara yako, bado sijui. Nipe mwezi mmoja, nitajua."

Alisafisha sensa kwa dawa yake ya kupuliza, bila kuigusa kwa kidole, akairudisha. Kisha akaisoma ile karatasi yote, pande zote mbili, ameketi kwenye ngazi ya gereji. Aliiosha filta upya, akaikausha, akapitisha mstari mmoja mwembamba wa mafuta juu ya kila mkunjo, akangoja yasambae yenyewe, akafuta yaliyozidi.

Halafu akamwomba Sironka mkebe wa mafuta mazito ya kukamulia ng'ombe. Aliyapaka kwa kidole, utando mwembamba, ndani ya bomba kati ya filta na sensa, mbali kidogo na sensa yenyewe.

"Kama vumbi itapita filta, itanasa hapa," alieleza. "Enda safari zako za kawaida wiki mbili. Usikwepe barabara mbaya."

Wiki mbili zilipokwisha, alipitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba. Kilitoka na rangi ya hudhurungi, na alipokisugua kati ya vidole alihisi chenga laini za udongo. Alilisafisha bomba, akapaka utando mpya, akafunga filta mpya ya karatasi kutoka duka la Ngugi, akamtuma Sironka njia zile zile. Safari hii kitambaa kilitoka karibu kama kilivyoingia, na alama ya manjano tu ya mafuta ya kukamulia. Lakini karatasi yenyewe ilikuwa imejaa, mikunjo imefungwa kwa vumbi.

Aliviweka vitambaa viwili juu ya boneti. Ngugi naye alivuka barabara kuja kuviangalia.

"Kwa barabara yako, daktari, ni karatasi," Kalekye alisema. "Ya mafuta inapumua vizuri, na kwa lami sina neno nayo. Lakini vumbi yako ni laini kama poda. Nyingine inapita, na ikipita inakula injini pole pole. Hautasikia kitu mpaka siku moshi itaanza kutoka nyuma."

"Na ikijaa nikiwa ndani?"

"Utabeba mbili chini ya kiti, kwa mfuko wa plastiki. Kubadilisha nitakufundisha sasa hivi, ni vishikizo vinne."

"Mimi hupuliza na kompresa pale kituo cha petroli. Inakuwa safi kabisa."

Kalekye alichukua filta moja kuukuu ya karatasi iliyokuwa imepulizwa hivyo, akaingiza balbu ya umeme ndani na kuiwasha. Kwenye mkunjo mmoja, halafu mwingine, nukta za mwanga zilionekana wazi.

"Hayo ni matundu ya upepo wako. Vumbi inaingia hapo bila kubisha hodi. Igonge kwa kiganja kama hauna nyingine, lakini usipulize."

Sironka alicheka, akakuna kichwa. Filta ya mafuta alimwachia Ngugi, ambaye gari lake halijui barabara nyingine zaidi ya lami ya Kitengela kwenda Nairobi. Kalekye aliifunga, na mpaka leo Ngugi haruhusu mtu mwingine isipokuwa yeye kuipaka mafuta.

Habari zilitembea. Madaktari wa mifugo ni watu wanaokutana kila siku ya soko. Mwezi wa Juni walimwita Kajiado, kwenye soko la mifugo, awafundishe madereva wao. Alienda na mumewe Mumo, ambaye ni mwalimu na aliyembebea meza. Madereva kumi na mmoja walisimama kwa duara, wengine mikono mfukoni. Mmoja, kijana mwenye miwani ya jua, aliuliza kwa sauti ya kutania kama mama amewahi kukosea.

"Nimewahi," Kalekye alisema. "Nilisimamisha daktari porini na ng'ombe akizaa. Njoo karibu nikuonyeshe vile nilifanya, ndio wewe usifanye."

Kijana alivua miwani, akasogea. Wengine nao wakasogea, wakaitoa mikono mfukoni, na Kalekye akafungua boneti ya gari la kwanza.